Mgeni, Umekuja na Upepo Gani?

Leo nimerudi na habari ya upepo, na msicheke, maana mwisho wa habari yenyewe yumo bibi yangu.

Mwezi uliopita mhariri wangu alinipa kazi ndogo. Gazeti lilikuwa linatoa toleo maalumu la utalii, kurasa nane zilizojaa matangazo ya hoteli, pakabaki nafasi ya kisanduku kimoja chini ya picha ya mnazi ulioinamia bahari. Maneno 300. "Andika mgeni atarajie hali gani ya hewa Zanzibar, mwezi kwa mwezi," akaniambia. "Na usiniletee historia." Ananifahamu huyu bwana.

Nikaandika. Desemba hadi Februari, joto na jua kali, mchana nyuzi 32 au 33. Machi hadi Mei, masika, mvua kubwa, Aprili ndiyo kilele, baadhi ya hoteli hufungwa na bei hushuka. Juni hadi Septemba, kipupwe, mchana nyuzi 28 hivi, usiku unaweza hata kutafuta shuka, wageni ndiyo wengi. Oktoba hadi Desemba, vuli, mvua za kuja na kupita. Mwisho nikatoa ushauri: Aprili na Mei si miezi ya kuja. Kisanduku kikatoka bila jina langu (visanduku havina wenyewe), nami nikasahau.

Wiki iliyofuata nikavuka kwenda Unguja kumwona bibi yangu mzaa mama, Kikwajuni. Nilimbebea gazeti kama kawaida. Macho hayamsaidii tena, kwa hiyo mimi humsomea. Nikamsomea na kile kisanduku, kwa majivuno kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa hao wageni wako wanakuja na upepo gani?"

"Bibi, wanakuja na ndege."

"Na wanakaa muda gani?"

"Siku nne, tano. Wakizidi sana wiki mbili."

"Basi hao si wageni, mwanangu. Hao wapita njia."

Nikacheka. Lakini kwenye boti ya kurudi Dar nilikuwa bado nalitafuna lile swali. Umekuja na upepo gani? Kwa muda mrefu sana, katika pwani hii yetu, hilo halikuwa swali la utani. Lilikuwa na majibu mawili tu, kaskazi au kusi, na kila jibu lilieleza mgeni ametoka wapi, ataondoka lini, na kama utahitaji kumtafutia chumba.

Kwanza tuwekane sawa, maana hata chumba chetu cha habari kuna watu wazima wanaochanganya. Kaskazi ni upepo unaotoka kaskazini, si unaokwenda kaskazini. Unaanza kuvuma Novemba au Desemba na kufika hadi Machi. Kusi unatoka kusini. Unaingia Aprili, unakuwa mkali hasa Juni, Julai na Agosti, kisha unalegea Septemba na Oktoba. Kulegea kwake huko wazee wanakuita demani. Katikati, wakati upepo mmoja umechoka na mwingine haujajua utakalo, wanauita tangambili, yaani tanga linaweza kuelekea huku au kule. Mimi naliona hilo kuwa miongoni mwa maneno mazuri zaidi tuliyonayo, na sijui kwa nini limebaki kwa wavuvi tu.

Sababu yake si uchawi. Bara la Asia ni pana mno. Jua la katikati ya mwaka linapolichoma, hewa ya juu ya nchi hupanda na ile ya baharini hukimbilia huko kujaza nafasi, ndiyo kusi. Asia ikipoa mwisho wa mwaka, mambo yanageuka, hewa nzito ya baridi inashuka baharini na kutufikia sisi, ndiyo kaskazi. Dunia kwa kuzunguka kwake inaupinda upepo njiani. Kusi hapa kwetu unatoka kusini-mashariki, lakini ukishavuka ikweta unageuka na kusukuma vyombo moja kwa moja kuelekea Arabuni na India. Ni kama barabara ya njia moja inayogeuzwa mara mbili kwa mwaka, na mwenye kuigeuza hapokei simu ya mtu.

Waarabu waliuita wakati huo wa safari mawsim. Sisi tukapata msimu. Wareno wakalichukua neno hilohilo wakalifanya monção, Waingereza wakapata monsoon. Kwa hiyo unapoisikia hoteli ya Nungwi inakuambia "huu ni msimu", wanatumia neno la manahodha bila kujua. Tofauti ni kwamba msimu wa hoteli unamfungulia mgeni mlango wa kuja, wakati msimu wa nahodha ulikuwa unamfungia mlango wa kuondoka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Chukua mfanyabiashara wa Suri, Muscat au Shihri. Anateremka na kaskazi, anafika Unguja au Mombasa Januari, chombo kimejaa tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Ameuza vyote kwa wiki tatu. Je, arudi? Hawezi. Kaskazi bado unamvumia usoni. Itambidi asubiri hadi Aprili upepo ugeuke. Na akichelewa, kusi ukishakuwa mkali huko mbele bahari ya Arabuni haiingiliki, basi anangoja hadi demani, Agosti au Septemba. Kwa hiyo mgeni anakaa miezi mitatu, minne, wakati mwingine minane. Miezi minane huwezi kulala chomboni. Unatafuta nyumba, unajifunza lugha, unakopa na kukopesha, unaugua na kuuguzwa. Unaoa.

Hili si jambo la jana. Kuna kitabu cha mwongozo kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, na mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara, jina lake halikubaki. Anaeleza kuhusu pwani yetu, aliyoiita Azania, na bandari yake ya mwisho Rhapta. Anasema manahodha Waarabu waliokuwa wakitumwa huku walikuwa wameizoea pwani, wameoana na wenyeji na wanajua lugha yao. Karibu miaka 2,000 iliyopita! Watu wanapobishana leo kama Mswahili ni nani, nani wa asili na nani wa kuja, mimi huwa natamani mtu awakumbushe kwamba kulikuwa na upepo katika kesi hii, nao haukuwahi kuitwa kutoa ushahidi.

Upepo huohuo ndio uliopanga hata miji. Kutoka Ghuba hadi Kilwa, chombo kiliweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja, kwa shida lakini kiliweza. Ukipita Kilwa kwenda Sofala, kwenye dhahabu, hesabu inakukatalia, utakwama na kula mwaka mwingine. Kwa hiyo ilikuwa nafuu kuinunua dhahabu ya Sofala palepale Kilwa, na masultani wa Kilwa hawakuwa wajinga, wakakaa katikati ya njia wakatoza ushuru. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alilala usiku mmoja tu Mombasa, akaendelea hadi Kilwa, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na hakuacha kutaja kwamba mvua zake ni nyingi. Baada ya hapo akapanda chombo kwenda Dhofar, yaani kaskazini. Kama alikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, basi mvua aliyoiona ni masika yetu haya haya. Mwandishi wa kwanza wa habari za utalii, naye alilalamikia mvua.

Mwenzake wa zamani zaidi, al-Masudi wa Baghdad, alikuwa na lalamiko zito kuliko hilo. Safari yake ya mwisho huku ilikuwa mwaka 916, kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa Pemba, kwenda Oman. Alikuwa amesafiri bahari nyingi, lakini aliandika kwamba hakuona ya kutisha kama hii ya Zanj, mawimbi kama milima. Wenye chombo kilichomchukua walikuja kuzama baadaye katika bahari hiyohiyo, pamoja na chombo chao.

Sasa nifike kwa mgeni aliyedhani upepo ni shauri tu.

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, wakaelewana vibaya, akaenda Malindi. Mfalme wa Malindi, ambaye alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, akampokea na kumpa rubani. Sote shuleni tulifundishwa kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Arabuni. Siku hizi wanahistoria wengi hawakubali, kumbukumbu za Wareno wenyewe zinaelekeza kwa Mgujarati. Vyovyote iwavyo, alikuwa mtu anayejua tarehe. Waliondoka Malindi 24 Aprili, kusi ndiyo kwanza unaingia, haujawa mkali. Mei 20 walikuwa wameshatia nanga Calicut. Wiki nne hazikutimia, hakufa mtu kwa upepo, na Ulaya ikaandika kwamba Da Gama amegundua njia ya India. Haya.

Tazama kurudi. Aliondoka Calicut mwisho wa Agosti, akazungukazunguka pwani ya India, na tarehe 5 Oktoba 1498 akaikata bahari kuja huku. Mwenyeji yeyote wa pwani angemwambia mwezi huo kaskazi haujaanza. Huna upepo wa kukuleta, una maji matulivu, joto, na vipepo vya kukurudisha nyuma. Safari iliyochukua wiki nne kwenda ilichukua miezi mitatu kasoro siku chache kurudi. Kiseyeye kikawaingia, ule ugonjwa wa mabaharia waliokosa matunda, fizi zikavimba hadi hawawezi kula. Watu wapatao 30 walikufa baharini. Waliobaki wenye nguvu ya kufanya kazi walikuwa saba au wanane kwa kila jahazi. Wakaiona pwani ya Mogadishu Januari 2, 1499, wakafika Malindi siku tano baadaye, na kitu cha kwanza walichoomba kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. Walipoendelea kusini mabaharia walikuwa wamepungua mno, ikabidi wachome jahazi lao moja, São Rafael, karibu na pwani ya Tanga ya leo. Halikuwa bovu sana, watu wa kuliendesha ndio walikuwa hawapo.

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu tulipewa mtihani kuhusu "sababu za mafanikio ya Wareno". Nilipata alama nzuri. Lile jahazi lililochomwa halikuwamo kwenye majibu.

Mtu atauliza, mababu zetu walijuaje tarehe? Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani inaweza kuangukia masika leo na kipupwe miaka mingine. Kwa sala na saumu hakuna tatizo, lakini kwa nahodha na mkulima haifai. Wao walikuwa na hesabu nyingine pembeni, ya jua, yenye asili ya Uajemi, inayoanza siku ya Nairuzi. Siku 365, zinahesabiwa kwa makumi, kila kumi ni mwongo. Nahodha alijua mwongo wa ngapi kusi unaanguka, mwongo wa ngapi bahari inafungwa, mwongo wa ngapi mkulima apande. Sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambako wageni wanakwenda Julai kupiga picha watu wakichapana kwa migomba, ndiyo siku ya mwaka ya kalenda hiyo. Kwenye vipeperushi wanaandika ni mila ya kale ya kufurahisha. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba amesimama katikati ya almanaka ya hali ya hewa, na kwamba huo upepo unaompeperushia kofia ndio mada yenyewe.

Nisiwapake wageni wa upepo mafuta ya nazi, eti wote walikuwa wafanyabiashara wema. Katika karne ya 19 kaskazi ulikuwa pia msimu wa hofu mjini Unguja. Wasafiri wa Kizungu, Richard Burton akiwamo, waliandika kuhusu Waarabu wa kaskazini waliokuja na vyombo na kuiba watumwa na watoto wa watu kabla ya kuondoka na kusi. Masultani waliokuwa wakiogopewa bara nzima walikuwa wakiwapa hawa zawadi ili waondoke salama. Mwaka 1864 Sultan Majid alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari kuanzia Januari hadi Aprili. Angalia miezi hiyo. Sheria iliandikwa kwa kalenda ya upepo, kwa sababu wizi ulikuwa na kalenda hiyohiyo. Bibi yangu anakumbuka watoto wa wakati wake bado wakitishiwa kwamba wakizurura magharibi mabaharia watawatia kwenye gunia, wakati watumwa walishaachwa huru miaka mingi. Kumbe haikuwa hadithi ya kumlaza mtoto.

Na kuna mara moja upepo ulipovunja ratiba yake. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Hapa kwetu vimbunga ni nadra mno, kwa kawaida vinazaliwa kusini na kwenda zao Madagaska na Msumbiji. Hiki kilikuja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, kikavunja vyombo bandarini pamoja na merikebu za Sultan Barghash, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili madarakani. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana hadi leo ukisema karafuu unasema Pemba. Mkarafuu unachukua miaka mingi kuzaa vizuri, kwa hiyo upepo wa siku moja ulihamisha uchumi wa kisiwa kizima kwenda cha pili. Mwaka uliofuata Mwingereza Bartle Frere alipokuja kumshinikiza Barghash afunge biashara ya watumwa, Sultani alitoa kimbunga kama sababu ya kukataa, kwamba watu wake wameshafilisika, huwezi kuwatwisha mzigo wa pili. Haikumsaidia. Juni 1873 mkataba ukasainiwa na soko likafungwa. Huko bara nako mwezi huohuo wa Aprili 1872 Stanley, akirudi kutoka kwa Livingstone, aliikuta nchi ya Morogoro imemezwa na mafuriko. Ule mwaka wa kwanza alikuwa amevuka mbuga ya Makata katika masika na kutaabika vibaya, mbwa wake alifia huko. Hakuwa na bahati na Aprili yule bwana.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwishoni mwa 1872 meli za moshi za barua zikawa zinakuja Zanzibar kwa ratiba, kusi au kaskazi. Mgeni mwenye tikiti hakuhitaji tena kujua upepo. Angeweza kufika wakati wowote, na kuondoka wakati wowote pasipo kumjua mtu.

Lakini majahazi yaliendelea. Hili watu wengi wa rika letu hatulijui, tunadhani meli ya moshi ilipofika jahazi lilikufa siku hiyo. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 na bumu la Wakuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Waliteremka na kaskazi kutoka Aden, wakafika Mombasa na Zanzibar, kisha wakaingia delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko. Hakuna upepo wa kuwarudisha hadi kusi uingie, kwa hiyo wakakata boriti kwenye matope na mbu, kisha wakapandisha tanga kwenda Kuwait. Boriti zile ndizo zilizoezeka nyumba za Ghuba. Wanasema upana wa chumba cha zamani kule ulifuata urefu wa boriti ya huku. Yaani mkoko wa Rufiji ulipanga Mkuwait alale kwenye chumba cha ukubwa gani.

Na katika majahazi hayo ndimo alimokuja baba yake bibi yangu.

Alikuwa baharia wa Suri, si nahodha, baharia tu wa kuvuta kamba. Akija na kaskazi alikuwa akipanga chumba Funguni. Mwaka wa pili au wa tatu akamwoa mama yake bibi. Bibi alizaliwa 1946. Anavyosimulia, nyumba yao ilikuwa na mwaka wa nusu mbili. Kuanzia Desemba kuna tende ndani, kuna sauti ya mwanamume, kuna wageni wa wageni. Aprili mvua ikianza kupiga bati, mama yake anaanza kufunga mizigo, halua, nazi, kikapu cha viungo, bila kusema neno. "Nikisikia mvua miye nalia," bibi aliniambia. "Watu wanafikiri naogopa radi."

Baba huyo alirudi kila mwaka. Mara ya mwisho aliondoka na kusi wa mwaka 1953, bibi akiwa na miaka saba. Desemba ile vyombo vya Suri viliingia, mama yake akaenda bandarini na baibui lake, akarudi. Akaenda tena. Wengine walisema chombo kilipotea, wengine walisema yuko kwao ana mke mwingine na watoto. Kwa pepo za mwaka huo hakuna aliyeweza kuthibitisha, na mwaka uliofuata hakuna aliyeulizwa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja, na mafuta ya Ghuba yalipowapa mabaharia wa kule kazi ya nchi kavu, vyombo vikapungua hadi vikawa vya kuhesabu. Mama yake bibi alikuwa bado akienda kutazama.

Nilikuwa najua kwamba "kuna Mwarabu" kwenye ukoo wetu, kama kila familia ya pwani inavyosema. Sikujua alikuwa na mwezi wa kuondoka.

Naomba nirudi kwa wageni wa leo, maana mhariri akisoma hapa atasema nimeiba kazi ya ofisi. Msidhani ndege imeufuta upepo. Vijana wa Paje wanaofundisha wazungu kuteleza juu ya maji kwa tiara wanaishi kwa kusi na kaskazi kama babu zao. Katikati, wakati wa tangambili, wanakaa vijiweni. Na bahari kati ya Dar na Unguja, mnayoivuka na simu mkononi, ni ileile. Mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima, na Julai kusi unausukuma kwa nyuma, mawimbi yanakuja ubavuni mwa boti. Julai 18, 2012, MV Skagit ilitoka Dar ikazama karibu na Chumbe, katikati ya kusi, siku ya upepo mkali. Walikufa watu wengi, wenyeji na wageni humohumo. Vipeperushi vinasema Julai ndiyo mwezi bora kabisa wa kuja. Kwa ufukwe ni kweli. Kwa bahari, mzee yeyote wa Malindi au Mkokotoni angekuambia angalia kwanza bendera imelala au imesimama. Mei 2024 nacho kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia na boti za Unguja zikasimamishwa. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, watu wakasikiliza, na wageni wakakaa hotelini wakilalamikia intaneti.

Juzi nilimpigia bibi simu kuhakikisha miaka, nisije nikaandika uongo. Nikamuuliza pia kama amekasirika kwamba niliandika Aprili si mwezi wa kuja.

"Nikasirike kwa nini? Si kweli? Aprili watu hawaji. Aprili wanakwenda zao."

Kisha akaniuliza huko Dar kaskazi umeanza kuvuma. Nikachungulia dirishani. Nguo za jirani kwenye kamba zilikuwa zimening'inia tu. Nikamwambia bado.